Mwongozo kamili: Kuandaa vifaa vya mtandao vya idara ya chuo kabla ya 2036 na 2038

Umeme ukikatika usiku na UPS (betri ya akiba ya umeme) ikaishiwa chaji, asubuhi ingia kwenye ruta ya MikroTik ya idara kabla intaneti haijarudi, uangalie saa yake. Mara nyingi utakuta Januari 1970. Ruta nyingi za aina hiyo hazina betri ya saa. Zikizimika zinasahau leo ni lini, zinaanza kuhesabu upya, na zinabaki hivyo hadi seva ya saa izikumbushe. Sisi mafundi tumeizoea hiyo 1970 mpaka hatuioni tena. Ni mwaka huohuo, na hesabu hiyohiyo, utakaotusumbua mwaka 2038; na hesabu ya pili inayofanana nayo itatutangulia 2036.

Mwongozo huu ni kwa fundi au mhadhiri aliyeachiwa ufunguo wa chumba cha raki katika idara ya chuo: swichi tano hadi ishirini, ruta moja au mbili, akses pointi zilizotapakaa kwenye korido, seva mbili tatu, na vidude ambavyo hakuna anayekumbuka nani alivileta. Kazi yote inataka wiki chache za muda wa ziada, na sehemu kubwa haihitaji fedha. Fedha zitahitajika kwenye manunuzi, na huko nako zinaokolewa kuliko zinavyotumika.

Tarehe zenyewe

Mdudu wa milenia, yule wa Y2K, alizaliwa na ubahili wa tarakimu: mwaka uliandikwa 99 badala ya 1999, na 00 ikaja kusomwa kama 1900. Tovuti ya kituo cha uchunguzi wa nyota cha jeshi la majini la Marekani, ambacho kazi yake mojawapo ni kutunza saa rasmi ya nchi, iliamkia ikionyesha mwaka 19100. Wapo wanaosema Y2K ilikuwa kelele tupu kwa sababu taa hazikuzimika. Siwaungi mkono. Taa hazikuzimika kwa sababu watu walikagua kabati baada ya kabati kwa miaka kadhaa kabla ya usiku ule.

Safari hii ubahili ni wa biti. Mifumo ya ukoo wa Unix, ambayo imo ndani ya ruta, akses pointi, kamera na seva nyingi, huhesabu sekunde tangu kuanza kwa 1 Januari 1970 kwa saa za UTC (saa ya kimataifa, iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu). Ikiwa hesabu imewekwa kwenye namba ya biti 32 inayobeba chanya na hasi, mwisho wake ni 2,147,483,647. Sekunde hiyo itafika 19 Januari 2038 saa 03:14:07 UTC, yaani Jumanne, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Sekunde inayofuata haina pa kukaa. Namba inageuka kuwa hasi, na kifaa kinajiona kiko 13 Desemba 1901.

Kabla ya hapo kuna tarehe ambayo watu wengi huiruka. NTP, itifaki inayosambaza saa mtandaoni, ina hesabu yake: sekunde tangu 1900, kwenye biti 32 zisizobeba hasi. Hiyo inajaa 7 Februari 2036 saa 06:28:16 UTC. Itakuwa Alhamisi, saa 3 na dakika 28 asubuhi kwetu, vipindi vikiwa vinaendelea. Kanuni ya kuvuka hapo iliandikwa zamani, na programu nzuri za NTP zinaijua. Ila kidude cha bei nafuu chenye programu iliyoandikwa kwa haraka kinaweza kuamini kwamba tumerudi 1900.

Kama chuo kina kipokezi cha GPS kinachotoa saa, ongeza usiku wa 20 kuamkia 21 Novemba 2038. GPS ya kawaida huhesabu wiki 1,024 kisha inarudi sifuri. Ilifanya hivyo Agosti 1999, ikarudia Aprili 2019.

Lakini usidhani una muda wote huo. Kifaa hakisubiri siku ifike ndipo kikosee. Kinakosea siku kinapolazimika kuihesabu. Vifaa vingi vikiwashwa mara ya kwanza hujitengenezea cheti (faili ya utambulisho wa kielektroniki) cha kuingilia kwenye ukurasa wa usimamizi, chenye uhai wa miaka 10. Cheti cha aina hiyo kitakachotengenezwa baada ya 19 Januari 2028 kitaisha muda wake ng'ambo ya 2038, na kifaa cha biti 32 kinaweza kukikataa palepale. Vyeti vya miaka 20 vilishavuka mstari huo tangu 2018. Mwaka 2006 programu ya seva za wavuti ya AOLserver ilipata mkasa wa namna hiyo: wasimamizi walikuwa wameweka muda wa kusubiri wa sekunde bilioni moja, kwa maana ya "usichoke kamwe", na mwezi Mei mwaka huo jumla ya sasa na hizo sekunde ikavuka 2038. Seva zikaanguka miaka 32 kabla ya siku.

Hatua ya 1: Daftari la vifaa

Hapa ndipo penye kazi. Jaribio la maabara lina raha yake na kila fundi anataka kuanzia hapo, lakini idara isiyo na orodha kamili itajaribu vifaa vitatu vizuri na kusahau cha nne kilichofungwa juu ya dari ya ukumbi wa mihadhara.

Anza na mtandao wenyewe. Kutoka kompyuta ya Linux iliyo ndani ya mtandao wa usimamizi, piga hodi kwenye anwani zote:

`nmap -sn 192.168.10.0/24`

Badilisha anwani iwe ya kwako, na urudie kwa kila VLAN (mtandao mdogo uliotengwa ndani ya ule mkubwa). Fanya hivyo mchana wa siku ya kazi na tena usiku, maana kuna vifaa vinavyowashwa na mtu asubuhi. Kisha ingia kwenye swichi kuu uulize majirani: `show cdp neighbors` na `show lldp neighbors` kwa Cisco, `/ip neighbor print` kwa MikroTik. Mlango wa swichi wenye anwani nyingi za MAC (namba ya kiwandani ya kila kifaa cha mtandao) huku orodha ya majirani ikiwa kimya una swichi ndogo iliyofichwa upande wa pili, mara nyingi chini ya meza ya mtu.

Baada ya hapo acha kompyuta, chukua ngazi na tochi. Fuata nyaya kwa miguu. Katika idara moja niliyofanya kazi, orodha ya mtandao ilitupa vifaa 31; kwa miguu tulifika 44. Tofauti ilikuwa swichi za mezani, ruta ya laini ya simu iliyowekwa na mradi wa utafiti uliokwisha zamani, na akses pointi iliyokuwa ndani ya kabati la stoo ikiendelea kuhudumia korido nzima. Mzee aliyekuwa anatunza funguo ndiye aliyetuonyesha tano kati ya hizo. Mhusishe mtu wa namna hiyo mapema.

Kwa kila kifaa andika: kilipo, kampuni na modeli, namba ya mfululizo ya kiwandani (serial number), toleo la fimwea (programu iliyomo ndani ya kifaa), aina ya prosesa, mwaka kiliponunuliwa au kuletwa, nani ana pasiwadi, na saa inayoonyesha muda huo unapokiangalia. Safu hii ya mwisho usiiache. Nimeona watu wakigundua kwamba nusu ya vifaa vyao vilikuwa vinaishi mwaka mwingine kabisa, bila mdudu yeyote, kwa sababu tu seva ya saa iliyowekwa kwenye mipangilio ilizimwa zamani.

Usisahau vilivyo pembeni ya mtandao: printa, kamera za CCTV na mashine yake ya kurekodi, mashine ya mahudhurio ya alama za vidole, kadi ya mtandao ya UPS, simu za IP, projekta zenye waya wa mtandao. Vina mfumo endeshi ndani na mara nyingi ndivyo vyenye fimwea ya zamani kuliko vyote.

Hatua ya 2: Tenganisha vinavyotegemea saa

Swichi ndogo isiyo na usimamizi haina saa. Ipite. Swichi yenye usimamizi inapitisha data bila kujali tarehe. Ikijiona iko 1901 wanafunzi wataendelea kupata mtandao. Kinachoharibika ni mambo yanayozunguka kazi hiyo: kumbukumbu za matukio, kuingia kwa cheti, sheria zinazofunga mtandao wa maabara usiku, leseni zenye tarehe ya mwisho, vocha za wageni, na VPN.

Weka alama tatu. Nyekundu kwa kifaa ambacho tarehe ikiharibika watu watakosa huduma: seva ya RADIUS inayothibitisha watumiaji wa Wi-Fi (pamoja na eduroam, Wi-Fi ya pamoja ya vyuo, kama chuo kimeunganishwa), faiwoli yenye leseni, ruta ya hotspot, seva ya Kerberos (inayothibitisha utambulisho wa watumiaji) au ya majina ya watumiaji. Kerberos kwa kawaida haivumilii tofauti ya saa inayozidi dakika 5. Njano ni kwa kile kitakachopoteza ushahidi lakini kitaendelea kufanya kazi, kwa mfano swichi na kamera. Vilivyobaki ni kijani.

Neno moja kuhusu kumbukumbu. Mtindo wa zamani wa syslog, ambao vifaa vingi bado vinautumia, huandika mwezi, siku na saa bila mwaka. Kifaa kikirudi 1901 utasoma "Dec 13 20:45:52" na kudhani ni tukio la mwezi uliopita. Kwa hiyo iambie seva ya kumbukumbu iandike pia muda wake yenyewe wa kupokea ujumbe, au badilisha vifaa vinavyoruhusu viandike tarehe kamili yenye mwaka.

Hatua ya 3: Soma ndani ya kifaa, kisha muulize muuzaji

Kwenye kifaa chochote chenye Linux unachoweza kuingia, amri hizi zinakupa picha ya haraka:

`uname -m`
`uname -r`
`date -d '2038-01-20 00:00'`

Ya kwanza inaonyesha aina ya prosesa, ya pili toleo la kenel (kiini cha mfumo endeshi). Ya tatu ikijibu kwamba tarehe si sahihi, umepata mgonjwa. Kenel ya Linux kwa prosesa za biti 32 ilikuwa tayari kwa 2038 kuanzia toleo la 5.6, lililotoka 2020. Lakini kenel peke yake haitoshi, kwa sababu programu zilizo juu yake zinasoma saa kupitia maktaba ya C (kifurushi cha kazi za msingi, kama musl au glibc). Maktaba ya musl ilihamia biti 64 katika toleo la 1.2, na glibc ikaweka uwezo huo kwa biti 32 katika 2.34, ila programu lazima ijengwe upya ili iutumie. Kwa wenye akses pointi za OpenWrt (fimwea huria ya Linux) habari ni njema: kuanzia 22.03 kazi hiyo imefanyika, hata kwenye vifaa vya biti 32. Kupandisha toleo ni kazi ya jioni moja. Debian, mfumo wa Linux wa kompyuta na seva, nayo ilihamisha prosesa zake za biti 32 katika toleo la 13, isipokuwa i386 (kompyuta za zamani za ukoo wa Intel), ambayo imeachwa na sekunde zake za zamani. Kompyuta kuukuu ya i386 inayotumika kama seva ya DHCP (inayogawa anwani za mtandao) haitaokolewa na kupandisha Debian. Iondoe.

Kwa vifaa vilivyofungwa, itabidi uulize kampuni. Swali lenyewe ni muhimu. Ukiuliza "kifaa hiki kiko salama kwa 2038?" utajibiwa ndiyo. Uliza hivi: modeli fulani, fimwea toleo fulani, je, kalenda ya mfumo, mteja wa NTP, vyeti vinavyotengenezwa na kifaa, ratiba na leseni vimejaribiwa kupita 7 Februari 2036 na 19 Januari 2038, na kama havijajaribiwa, msaada wa fimwea kwa modeli hiyo unaisha lini? Tarehe ya mwisho wa msaada mara nyingi ndiyo jibu. Kifaa ambacho msaada wake unaisha 2029 hakitapata tiba ya 2038, hata kampuni iwe na nia njema kiasi gani.

Wakati wa Y2K watu walikusanya mabarua ya "tumekidhi masharti" yakajaza majalada. Barua iweke, lakini isikuzuie kufanya hatua inayofuata.

Hatua ya 4: Jaribio kwenye meza

Usibadilishe tarehe kwenye kifaa kinachohudumia watu. Narudia, maana kuna mtu atajaribu saa sita usiku akidhani hakuna anayeona. Leseni ya majaribio ikiona 2038 inaweza kujihesabu kuwa imekwisha, na ukirudisha tarehe haifufuki. Kazi iliyopangwa ikijiandikia kwamba mara ya mwisho ilifanyika 2038 itakaa kimya miaka yote hadi hapo. Programu ya bakapu inayofuta nakala za zamani itaona nakala zote ni za zamani.

Chukua kifaa kimoja cha kila modeli na kila toleo la fimwea, kile cha akiba kama kipo. Hifadhi mipangilio yake nje. Kifute, kiweke mezani pamoja na swichi ndogo na laptopu moja, bila waya wowote unaokwenda kwenye mtandao wa chuo. Zima Wi-Fi ya laptopu.

Laptopu ndiyo itakuwa seva ya saa ya uongo. Iwe na Linux ya biti 64 na chrony (programu ya NTP), na kwenye faili ya mipangilio toa mistari yote ya `server` na `pool`, uache hii:

`local stratum 5`
`allow 192.168.99.0/24`

Halafu weka tarehe dakika kumi kabla ya tukio na uwashe chrony upya:

`date -u -s '2038-01-19 03:04:00'`
`systemctl restart chronyd`

Kwenye Debian na Ubuntu huduma hiyo inaitwa `chrony` bila herufi d. Ukitumia mashine pepe, zima kwanza ule usawazishaji wa saa unaofanywa na kompyuta mwenyeji, la sivyo tarehe itajirudisha bila taarifa na utaandika "kimepita" kwa kifaa ambacho hakikujaribiwa kabisa. Hilo lilinipotezea siku nzima.

Kwa nini kupitia NTP na si kuandika tarehe moja kwa moja? Kwanza, ndivyo itakavyokuwa siku yenyewe. Pili, vifaa vingine havikubali. Amri ya `clock set` katika matoleo mengi ya Cisco IOS inaruhusu mwaka kuanzia 1993 hadi 2035 tu. Kukataa huko hakumaanishi kwamba kifaa kitakufa 2036, na wala si ushahidi kwamba kitapona. Ni mpaka wa amri. Kwa MikroTik unaweza kujaribu njia zote mbili: `/system clock set` inapokea tarehe, ila kumbuka matoleo ya zamani yanataka `jan/19/2038` na RouterOS 7 mpya zinataka `2038-01-19`.

Jambo lingine: mteja wa NTP mwenye hadhari hukataa kurukishwa. `ntpd` ya kawaida hujizima ikiona tofauti inayozidi sekunde 1,000, isipokuwa iwashwe na `-g`. Kifaa kikigoma kufuata laptopu yako, kizime na kukiwasha kikiwa tayari kimeunganishwa, kwa sababu vingi huruhusu mruko mara moja wakati wa kuwaka.

Kila kifaa kipitie mambo matatu kwa tarehe zote mbili, 2036 na 2038. Kwanza kivuke kikiwa kimewaka. Kisha kizimwe kabla ya sekunde hiyo na kuwashwa baada yake. Mwisho kiwashwe moja kwa moja katikati ya 2040. Kifaa kinaweza kufaulu la kwanza na kuanguka la pili, kwa sababu saa iliyomo ndani ya kenel na saa inayosomwa wakati wa kuwaka ni vitu viwili tofauti. Ukiwa hapohapo, kipe kifaa pia 29 Februari 2036. Mwaka mrefu ni mtego wa zamani ambao bado unanasa: 29 Februari 2024 pampu za mafuta za kujihudumia nchini New Zealand ziligoma kupokea malipo kwa sababu hiyo.

Baada ya kila mvuko angalia: saa inaonyesha nini, kumbukumbu mpya zinaandikwa na zina mpangilio, ukurasa wa usimamizi unafunguka, SSH inakubali, mipangilio inahifadhika baada ya kuzima na kuwasha, DHCP inatoa anwani mpya, sheria ya muda inafunga na kufungua. Tazama pia prosesa. Kuna programu ambazo hazianguki, zinaanza tu kuzunguka bila kupumzika zikisubiri muda ambao hautafika, na kifaa kinakuwa kizito.

Ukimaliza, usirudishe tu tarehe. Futa mipangilio yote, ondoa vyeti na funguo zilizotengenezwa wakati wa jaribio, kisha rudisha nakala uliyohifadhi. Cheti kilichozaliwa 2038 kitakataliwa leo kwa kuwa "bado hakijaanza", na mtu mwingine ndiye atakayehangaika nacho.

Hatua ya 5: Seva zinazohudumia mtandao

Seva ya biti 64 yenye Linux ya kisasa haina shida kwenye saa yenyewe. Shida imejificha kwenye diski na hifadhidata.

Kwa ext4 (mfumo wa faili wa Linux), ukubwa wa inodi (rekodi ya kila faili kwenye diski) ndio unaoamua. Inodi za baiti 256 zinafika 2446, za baiti 128 zinaishia 2038. Angalia kwa `tune2fs -l /dev/sda1 | grep 'Inode size'`, hasa kwenye sehemu ndogo kama `/boot`, ambazo zana za zamani ziliziumba na inodi za 128. Diski za ext3 zihamishe. Kwa XFS (mfumo mwingine wa faili), `xfs_info` ikionyesha `bigtime=1` uko salama hadi 2486; ikionyesha 0, sehemu hiyo inaweza kubadilishwa ikiwa haijafunguliwa, kwa `xfs_admin -O bigtime=1`. Chukua bakapu kwanza.

Kwenye MySQL, safu za aina ya TIMESTAMP zinaishia sekunde ileile ya 2038, hata seva iwe ya biti 64. Zitafute:

`SELECT table_schema, table_name, column_name FROM information_schema.columns WHERE data_type='timestamp';`

Safu za DATETIME hazina mpaka huo, ila hazijali ukanda wa saa, kwa hiyo kabla ya kubadilisha zungumza na aliyeandika programu. Na usitafute TIMESTAMP peke yake. Mtu anaweza kuwa amehifadhi tarehe kama namba ya kawaida. Usiku wa kuamkia 2022 seva za barua za Microsoft Exchange zilikwama duniani kote kwa sababu toleo la kichunguzi cha virusi liliandikwa kama tarehe, 2201010001, namba iliyozidi 2,147,483,647. Haikuhusu 2038 hata kidogo, lakini kikombe kilichofurika ni kilekile.

Hatua ya 6: Vyeti

Hapa uwe na kalenda, si jaribio. Kwa kila kifaa chenye HTTPS:

`openssl s_client -connect 192.168.10.2:443 </dev/null | openssl x509 -noout -dates`

Andika tarehe ya mwisho kwenye daftari. Vifaa vingi vya Cisco vyenye IOS vilikuwa na vyeti vya kujitengenezea vilivyoisha wote kwa pamoja 1 Januari 2020, na kwenye matoleo yenye kasoro hiyo havikuweza kutengeneza vipya mpaka fimwea ibadilishwe. Kama daftari lako linaonyesha vyeti vitano vyenye tarehe moja ya mwisho, usilichukulie kuwa ni bahati.

Hatua ya 7: Saa moja kwa idara nzima

Kabla ya kuogopa 2036, hakikisha leo ni leo. Weka seva ya saa ya idara kwenye Linux ya biti 64, ichukue saa kutoka seva ya chuo na kutoka `africa.pool.ntp.org`, na vifaa vyote viulize hapo. Vyanzo viwe angalau vitatu. Vikiwa viwili na vikatofautiana, kifaa hakina namna ya kujua nani mwongo. Kagua kwa `chronyc sources` kwenye seva na `show ntp associations` kwenye swichi.

Kwa vifaa visivyo na betri ya saa, seva hii iwe kwenye UPS nzuri kuliko zote, ili umeme ukirudi viikute imeshawaka. Na yenyewe ibadilishiwe betri ya ubao mama, ile ya kidonge CR2032, bila kusubiri ife. Bei yake ni ndogo kuliko soda mbili tatu, na bila hiyo seva inayosahihisha wengine ndiyo itakayoamka na tarehe ya uongo.

Hatua ya 8: Manunuzi

Swichi katika vyuo vyetu haistaafu baada ya miaka mitano kama kampuni inavyopenda. Inakaa hadi ifie kazini, kisha inahamishiwa jengo jingine. Msaada wa vifaa vilivyotumika unakuja ukiwa tayari na umri. Kwa hiyo kifaa unachosaini kupokea leo kina nafasi kubwa ya kuwepo 2038. Nenda kwa ofisa ugavi kabla zabuni haijatangazwa, na umpe kifungu kama hiki akiweke kwenye masharti ya kiufundi:

"Kifaa, pamoja na fimwea na programu zake, kitahesabu, kitahifadhi na kitaonyesha tarehe kwa usahihi kabla, wakati na baada ya 7 Februari 2036 saa 06:28:16 UTC na 19 Januari 2038 saa 03:14:07 UTC. Mzabuni ataeleza toleo la fimwea lililojaribiwa na tarehe ya mwisho ya msaada wa fimwea. Kasoro yoyote ya tarehe itakayobainika katika kipindi cha msaada itarekebishwa bila malipo."

Kwa vifaa vya msaada, omba modeli na toleo la fimwea kabla ya kukubali usafirishaji. Ni vigumu kukataa zawadi ikishafika bandarini na mkuu wa idara ameshapigwa nayo picha.

Vile vyekundu vilivyoanguka mezani na havina fimwea mpya, vipange kuondolewa kwenye bajeti tatu zinazofuata, kuanzia kinachogusa watu wengi. Vya njano vinaweza kubaki kama vimetengwa kwenye VLAN yao na kila mtu anajua saa yao haiaminiki.

Asubuhi zenyewe

Bandika karatasi mbili ndani ya mlango wa raki. Ya kwanza: Alhamisi 7 Februari 2036, saa 3:28 asubuhi. Ya pili: Jumanne 19 Januari 2038, saa 12:14 asubuhi. Kila moja iwe na orodha ya vifaa vyekundu na njano vilivyobaki, mpangilio wa kuviangalia, na nani ana ufunguo. Wiki moja kabla, simamisha mabadiliko yote ya mipangilio, chukua bakapu, na uchapishe pasiwadi muhimu kwenye bahasha iliyofungwa, kwa sababu mfumo wa kutunza pasiwadi nao unathibitisha watu kwa saa.

Siku hiyo anza na seva ya saa, halafu RADIUS, halafu faiwoli, ndipo swichi. Kifaa kikionyesha 1900 au 1901, usikimbilie kukizima. Chomoa kwanza waya wa mtandao kama kinaweza kuchafua wengine, piga picha ya skrini, kopi kumbukumbu, ndipo ukiwashe upya huku kimeunganishwa na seva ya saa. Kisipopona, kirudishwe kwa mkono kwenye tarehe ya karibu inayokubalika yenye siku zilezile za wiki. Kalenda ya 2038 inafanana na ya 2027 na ya 2021, kwa hiyo sheria ya kufunga maabara Jumamosi itaendelea kufunga Jumamosi. Andika kwenye daftari kwamba kifaa hicho kinaishi 2027, na kichwa chake kibandikwe lebo, ili anayesoma kumbukumbu zake ajue kuongeza miaka 11.